Askari waliougua kwa bomu la uranium yetu: nani alipaswa kuleta ushahidi?

Historia ya leo ni ya askari wa Marekani, lakini inaanzia Katanga. Katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, wafanyakazi Wakongomani walichimba uranium kwa ajili ya kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilifikishwa New York na kuwekwa kwenye ghala. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwetu.

Vita viliisha, milipuko haikuisha. Hadi mwaka 1962 Marekani iliendelea kujaribu mabomu ya atomiki hewani, katika jangwa la Nevada na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Zaidi ya askari 200,000 walishiriki. Wengine waliwekwa kwenye mahandaki wakasubiri mlipuko, kisha wakaamriwa kutembea kuelekea mahali pale pale. Halafu wakakatazwa kusimulia waliyoyaona.

Miaka ilipita, baadhi yao wakashikwa na kansa. Wakaenda kwenye ofisi ya askari wa zamani kuomba malipo ya ulemavu. Ofisi iliwauliza mambo matatu: leo unaumwa nini? Ulipatwa na nini jeshini? Na daktari gani anathibitisha kwamba hili limetokana na lile?

Swali la tatu ndilo lililowashinda. Kansa haina alama ya kuonyesha ilikotoka. Wengi hawakuwahi kuvaa kifaa cha kupima mionzi. Daktari akimuuliza mgonjwa alifanya kazi gani jeshini, kiapo cha siri kinamfunga mdomo. Tena tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kutunza karatasi za jeshi kule St. Louis, ukateketeza dosiye milioni 16 hadi 18. Kwa hiyo mgonjwa alidaiwa ushahidi ambao hakuwahi kupewa, au ambao umeungua mikononi mwa serikali yenyewe.

Sajini Paul Cooper alikuwa kwenye mlipuko ulioitwa Smoky, tarehe 31 Agosti 1957. Miaka kama 20 baadaye akapatwa na kansa ya damu. Ombi lake lilikataliwa kwanza, likakubaliwa baada ya habari zake kuenea. Alifariki Februari 1978. Mwenzake, Orville Kelly, alishuhudia milipuko 22 kisiwani mwaka 1958. Naye alikataliwa zaidi ya mara moja, akaanzisha chama cha askari wa atomiki, akapata haki yake mwishoni mwa 1979. Mwaka uliofuata akafa.

Ugonjwa wa Cooper uliwafanya wataalamu wa afya wa serikali wawatafute wenzake wa Smoky. Kati ya watu 3,224 walikuta 9 wenye kansa ya damu. Kwa kawaida, katika kundi kama hilo, wangetarajia watatu au wanne. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 1980.

Hapo ndipo penye somo. Daktari mwenye mgonjwa mmoja mbele yake hakuweza kuapa kwamba ugonjwa huu umetoka kwa bomu lile. Ila ukiwahesabu wote pamoja, ukweli unaanza kuonekana. Mwaka 1988 Marekani ilitunga sheria mpya: askari akithibitisha kwamba alikuwepo, na ana moja ya kansa 13 zilizotajwa, zilizojitokeza ndani ya muda uliowekwa, sheria yenyewe inachukulia kwamba ugonjwa umetoka jeshini. Mzigo wa swali la tatu ukatolewa mabegani mwake. Kiapo cha siri kilifutwa mwaka 1996, na wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria nyingine, ikawakumbuka wachimbaji wa uranium. Lakini ni wale wa migodi ya Marekani. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliyoyashika mawe hayo kabla ya askari yeyote, hawakuwemo.

Kwa nini tunalisema hili leo? Kwa sababu nchi yetu nayo ina sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 kuhusu fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono wa vitani na wa makosa mengine makubwa. Na huku kwetu wangapi wana karatasi ya daktari? Anayekimbia risasi usiku anabeba mtoto, habebi dosiye. Kituo cha afya alikotibiwa huenda nacho kimechomwa.

Basi mwenye fishi ya hospitali aitunze vizuri, na ikiwezekana aipige picha. Asiyekuwa nayo aandike tarehe, mahali, na majina ya waliokuwa pamoja naye, kwa maana askari wale walisaidiwa sana na kuhesabiwa pamoja. Na wanaopokea maombi wakumbuke dosiye za St. Louis: karatasi ikiungua, ugonjwa hauungui nayo.