Nyaraka za Koo Zetu: Kutoka Mbulu hadi Katesh

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna hiyo mtu huona haya kutaja makaratasi, nasi hatukuyataja kwa wiki kadhaa. Tulishughulika, kama majirani wote, na mablanketi, unga na maji ya kunywa. Lakini katika ghala la duka moja la Katesh, ambalo ukoo wetu ulikuwa umeliacha mikononi mwa wapangaji kwa miaka mingi, lilikuwamo sanduku la bati lenye madaftari ya babu yetu. Wiki tatu kabla, siku ya Diwali, tulikuwa tumefanya ibada ya madaftari mapya ya biashara, yaani chopda pujan, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ya zamani yako wapi.

Sanduku lilipatikana. Nusu ya yaliyokuwamo ilikuwa imeshikana na kuwa kama tofali. Na sisi, kwa haraka yetu, tukaongeza hasara: tulibandua kurasa zikiwa bado mbichi, tukazianika juani, na rangi nyekundu ya majalada ya kitambaa ikatiririka juu ya maandishi. Baadaye tulielezwa kwamba karatasi iliyolowa hukaushwa kivulini, penye upepo, bila kulazimishwa kufunguka; na picha iliyopata tope husuuzwa taratibu kwa maji safi kabla tope halijakauka. Tunayaandika haya ili mwingine asijifunze kwa gharama tuliyojifunza sisi.

Nusu iliyosalia ndiyo iliyotufanya tununue skana.

Kamati ya maadhimisho ya hekalu letu ilikuwa imekwisha kutuomba historia fupi ya familia zilizoanzia Mbulu na Hanang. Tulidhani tutakaa na wazee jioni mbili tatu, tunywe chai, kisha tuandike. Wazee walisimulia vizuri sana, ila kila mmoja alikuwa na mwaka wake. Ndipo tulipotambua kwamba masimulizi pasipo karatasi ni kama hesabu pasipo stakabadhi, tukaanza kukusanya kila kilichokuwa kwenye makabati: pasipoti, leseni za biashara, barua, kadi za harusi na picha.

Habari za jumla hazina ubishi. Wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar walikuwa wakiija pwani hii kwa majahazi na pepo za kaskazi zamani sana kabla ya Wazungu kuigawana Afrika. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani wa Zanzibar. Kuingia bara kulikuja baadaye, na kwa wengi wetu kulikuja katika utawala wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ilifika Arusha mwaka 1929. Kutoka hapo ilikuwa lori, tena lori lenye desturi ya kukwama, hadi Babati, kisha kupanda milima yenye ukungu hadi Mbulu. Huko tuliuza kaniki, amerikani, mablanketi, chumvi na mafuta ya taa; tukanunua ngozi, samli, maharage na ngano. Waliofuata baada ya Vita vya Pili walisafiri kwa meli za Karanja na Kampala, na tikiti zao zimo katika albamu zetu.

Hayo yote mtu aweza kuyasoma kwingine. Yaliyo katika karatasi za nyumbani ni madogo zaidi, na yanadai uangalifu. Kwanza, mahali. Barua iliyoandikwa “Mbulu” haimaanishi mji wa Mbulu. Wilaya ya Mbulu ya wakati wa Waingereza ilikusanya nchi ambayo leo ni Mbulu, Karatu, Babati na Hanang, na mkoa wenyewe wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Ndugu zetu walio Leicester walikuwa wamemwandika shangazi mmoja kuwa mzaliwa wa mjini Mbulu, kumbe alizaliwa Katesh.

Pili, miaka. Madaftari ya babu yanafuata kalenda ya Vikram Samvat, ambayo kwetu Wagujarati hufungua mwaka siku inayofuata Diwali. Basi Samvat 1990 haiwi mwaka mmoja wa Kizungu; inaanza mwishoni mwa 1933 na kuingia 1934. Mwenye kupunguza 57 pasipo kutazama mwezi atamwongezea mtu umri, na mwenye kupunguza 56 atampunguzia. Ami yetu mmoja alisherehekea siku ya kuzaliwa kwa mwaka usio wake maisha yake yote, kwa kuwa karani fulani alifanya hesabu hiyo kwa haraka.

Tatu, majina ya ujamaa, na hapa tulicheka sana. Nyuma ya picha nyingi baba zetu waliandika kwa herufi za Kizungu maneno kama “Dada, Mbulu” au “Mama, Dongobesh, 1952”. Mjukuu aliyekuwa akiskani, ambaye Kigujarati chake ni cha salamu tu, alimwandika mzee mwenye kilemba na sharubu kuwa dada wa mtu, na mwanamume mwingine kuwa mama. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, mama ni mjomba, na kaka ni ami. Shajara ya kwanza tuliyoichora ilikuwa na mama watatu wenye ndevu.

Pasipoti nazo zina lugha yake. Katika ya babu imeandikwa kwamba yeye ni mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, wala si raia wake. Tofauti hiyo ilitokana na kuzaliwa katika dola ya Nawanagar, yenye mji mkuu Jamnagar, iliyokuwa na mtawala wake, na si katika sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza moja kwa moja. Kwa neno hilo moja tulijua kijiji chetu kitafutwe wapi.

Baada ya Uhuru karatasi zinakuwa nyingi, na nzito zaidi mkononi. Wasiokuwa raia moja kwa moja walipewa hadi Desemba 1963 kujiandikisha. Katika bahasha moja tulikuta hati ya uraia ya ndugu mkubwa na, chini yake, barua ya ndugu mdogo akieleza kwa nini yeye hatajiandikisha. Walikuwa wakilala chumba kimoja. Kisha ipo barua ya mwaka 1971, wakati serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha. Na mwaka 1976, ilipokuja Operesheni Maduka, daftari la duka letu la kijijini kuelekea Basotu linakoma katikati ya ukurasa, mwezi Februari. Hatuandiki haya kwa kulalamika. Wapo majirani zetu waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa miaka hiyo hiyo na nyumba zao zikabaki magofu. Ila anayetafuta nasaba yampasa ajue kwa nini baada ya hapo nusu ya ukoo inaonekana katika anwani za Uingereza na Kanada.

Katika kuskani tuliweka utaratibu: nyaraka kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na nyuma ya kila picha nayo hupigwa, kwa maana mara nyingi nyuma ndiko kwenye habari. Maandishi mapya huwekwa kwa penseli laini, si kalamu. Nakala tatu, mojawapo ikae mji mwingine. Picha za albamu zile za kurasa zenye gundi tuliziskani humo humo, tusijaribu kuzing’oa. Kazi ngumu haikuwa mashine bali kusoma. Madaftari ya zamani yameandikwa kwa mwandiko wa wafanyabiashara, ambao huacha irabu nyingi, na kati yetu waliobaki wakiusoma ni wazee wawili, mmoja wao mwenye mtoto wa jicho.

Walikuwa wakitusomea jina baada ya jina, nasi tukitafuta ya kwetu. Ilituchukua muda, na tunasema hivi kwa fedheha kidogo, kuona kwamba majina mengi katika daftari hayakuwa ya kwetu kabisa. Lilikuwa daftari la mikopo. Lilijaa Wairaqw na Wabarbaig: nani aliacha ngozi ngapi, nani alichukua blanketi hadi mavuno. Na kwa kuwa wateja wengi walifanana majina, babu aliandika kila mmoja na jina la baba yake, mara nyingine na la babu yake.

Siku moja mzee mmoja kutoka Dongobesh, aliyefuata shughuli nyingine hekaluni, alituuliza, “Na baba yangu yumo?” Alikuwamo, katika Samvat 2003, yaani mwaka 1946 au 1947, pamoja na baba yake na babu yake. Wakati wa ukoloni uandikishaji wa vizazi ulilazimishwa kwa Wazungu na Waasia, si kwa Waafrika. Mzee huyo hakuwa na karatasi yoyote ya zamani kuliko ile. Alikuwapo pia na deni la shilingi 14. Alitaka kulilipa. Tulipokataa, alirudi baada ya mwezi na chupa ya asali, akasema hiyo ni ya babu, si yetu. Tangu hapo tumekubaliana kwamba ukurasa wa mtu huonyeshwa kwa jamaa zake tu, na kiasi cha deni hufunikwa, maana si kila mtu atacheka.

Sasa tufike kwenye picha iliyotugawanya. Ni ya miaka ya 1950, mbele ya duka la Mbulu. Babu ameketi, nduguye amesimama, mbele yao wamesimama watoto sita wenye kaptula zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja. Nyuma yameandikwa majina sita. Katika shajara ya ukoo, ile iliyotunzwa na barot wetu huko Jamnagar katika kitabu chake cha vizazi, wamo watano. Wa sita ni mtoto wa ndugu ya babu, na mama yake alikuwa Mwiraqw.

Wazee walijua. Sisi tulijua nusunusu, kama watoto wanavyojua. Vitabu vya barot kwa desturi huandika wana wa kiume na huwapita mabinti, kwa hiyo kuacha mtu nje si jambo geni humo. Lakini mabinti waliachwa kwa mazoea, na huyu aliachwa kwa kukusudia. Baadhi yetu walisema ni aibu ya marehemu, isifukuliwe katika toleo la sherehe. Wengine wakajibu kwamba aliyemshonea kaptula ile hakuona aibu. Mikutano miwili ilivunjika bila uamuzi.

Uamuzi ulitoka upande mwingine. Watoto wa yule mvulana, ambaye sasa ni marehemu, ni watu wazima wanaokaa Hanang. Tope liliichukua nyumba ya mmoja wao. Tulipokwenda kuwapa pole walituonyesha kadi ya ubatizo ya baba yao, ambayo mama yao alitoka nayo ndani ya kanga. Mahali pa jina la baba palikuwa na jina la ndugu ya babu, na jina la ukoo wetu, lenye kosa lile lile la tahajia lililomo katika leseni ya duka. Hawakutuomba kitu. Waliuliza tu kama tunayo picha yoyote ya baba yao akiwa mdogo, kwa kuwa wao hawakuwa nayo.

Tuliwapelekea picha ile, imekuzwa, na kadi yao tukaiskani pamoja na zetu. Skana ipo katika chumba cha nyuma ya hekalu kila Jumapili baada ya arti, nao majirani wenye hati za kwao wanakaribishwa bila malipo. Tunaomba tu zije kavu. Safari ya Jamnagar tumeipanga baada ya Diwali. Jina la mtoto wa sita, la mama yake na ya watoto wake tumeyaandika kwa Kigujarati na kwa herufi za Kiswahili pia, ili barot asikosee irabu.