Gari Inashushwa Wapi, Inainuliwa Wapi?



Siku hizi vijana wengi wa Butembo na Beni wanatumiana picha za Porsche 911 za zamani, zilizoshushwa mpaka tumbo karibu liguse lami. Wengine wananiuliza: na sisi tukate resori? Kabla sijajibu, tuangalie historia kwanza, sababu gari hiyo hiyo ilishafika Afrika Mashariki, na wenyewe walioitengeneza wakafanya kinyume.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Mwaka 1978 Porsche walileta Kenya 911 SC mbili. Kule Ulaya watu wanapenda gari ile ikae chini: uzito ukiwa karibu na ardhi, hailali sana kwenye kona. Lakini kwa ajili ya Safari waliiinua mpaka ikabaki nafasi ya sentimita 28 chini ya tumbo. Vic Preston Jr. alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas, na Peugeot 504 kupe.

Mimi kinachonivutia ni hiki. 911 za barabarani za miaka ile hazibebwi na resori za kuzunguka kama gari nyingi tunazozijua. Zinabebwa na fimbo za chuma zinazosokotwa uzito ukizikalia. Nyuma, fundi akitaka kubadilisha kimo, anachomoa fimbo, anaizungusha meno machache, anairudisha. Akizungusha huku, gari inashuka. Akizungusha kule, inapanda. Fimbo ni ile ile, kazi ni ile ile. Barabara ndiyo inachagua.

Sasa barabara yetu inachagua nini? Mradi wa Kongo na Uganda, uliozinduliwa 2021, ni wa kilomita 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Nchi mbili hazikai chini kuandika mkataba wa barabara ambayo tayari iko sawa. Sisi tunaoijua kwa matope ya mvua na mashimo ya makamyoni hatuhitaji kuelezwa.

Ukikata resori, unapunguza nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Kwenye shimo, amotisa inafika mwisho, chuma kinagonga chuma. Matairi yanaliwa upande mmoja. Na kwetu gari mara nyingi ndiyo inalipa minerval ya wadogo zetu. Ikilala garaji wiki mbili, kuna mtoto anarudishwa nyumbani.

Sikatazi mtu kupenda gari nzuri. Lami ikifika na ikatunzwa, tutazungumza upya. Kwa leo, mbele ya kushika msumeno, muulize fundi wako swali moja tu: hii gari itapita wapi?

Nyinyi mnaonaje, wandugu?