Sabufa ya Jirani Inakunyima Usingizi? Jua Haki Zako

Kwa ploti ya mabati pale Gatwekera ama Kawangware, jirani akiwasha sabufa ni kama mnaishi keja moja. Kabla umtokee kwa hasira, soma hii.

Sheria inasema nini? Kanuni za kelele za 2009, zenye NEMA husimamia, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hapo mtaani kiwango ni desibeli 35, karibu tu na mnong'ono. Mchana, ndani ya nyumba, ni 45. Kwa hivyo ile story ya "nitazima saa nne" haiko kwa sheria.

Anza na mdomo. Ongea na yeye asubuhi akiwa poa, si akiwa amelewa. Akikataa, ambia keretaka ama landilodi, halafu Nyumba Kumi au chifu. Upatanisho unatambuliwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 159. Andika tarehe na saa za kila kelele.

Bado anasumbua? Enda kituo cha polisi uandikishe OB. Ni bure. Usitoke bila namba.

Usijichukulie sheria mkononi. Ukimkatia stima ama kumchapa, kesi inageuka. Wewe mwenye ulikuwa unalia usingizi ndiye utasimama kizimbani kwa korti ya Kibera.

Na wewe pia ni jirani wa mtu. Bash yako ya birthday inahesabika.