Kazimia: samaki iko, muhogo iko, lakini bwaki nayo iko

Mgeni akishuka Kazimia asubuhi, anakuta ndagala zimeanikwa ufukoni, mawese kwenye bidoni, muhogo mashambani. Atajiuliza: hapa mtoto anapataje kukosa chakula? Jibu ni kwamba chakula kuwa kijijini na chakula kufika katika sahani ya mtoto wa mwaka mmoja ni mambo mawili tofauti.

Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika Kongo nzima 2013-2014 (EDS), watoto 43 juu ya 100 wenye chini ya miaka 5 walikutwa wamedumaa, ni kusema wafupi kuliko umri wao. Kivu ya Kusini ilizidi nusu. Kudumaa hakuonekani haraka, kwa sababu majirani wote wanafanana. Bwaki, yenyewe, inaonekana: miguu na uso kuvimba, nywele kuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi kubanduka, mtoto kukasirika na kukataa kula. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mtoto aliyevimba wanasema amenona, au wanasema amerogwa, na juma mbili zinapita kwa waganga wa miti. Fanya hivi: bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, hesabu taratibu sekunde tatu, ondoa. Kama shimo linabaki, na mguu wa pili vilevile, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Waganga wa dunia nzima wanaita ugonjwa huu kwashiorkor. Neno lilitoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams aliliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa la mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wamama wa kwetu hawahitaji kufasiriwa. Mimba inayofuata ikija haraka, huyu wa kwanza anaachishwa kwa ghafla na kupewa bugali ya muhogo na mchuzi wa juu juu.

Na bugali ya muhogo peke yake inashibisha tumbo bila kujenga mwili. Unga wa muhogo una protini kidogo sana. Ndagala iliyokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ukiisaga na mifupa yake unapata pia chokaa ya mifupa ya mtoto. Shida ni kwamba ndagala ni pesa. Inapanda mutumbwi kwenda Baraka na Uvira, na kinachobaki nyumbani kinaanza kwa sahani ya baba. (Wababa mtusamehe, lakini muliona wenyewe.) Tena kuna mwezi: ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka samaki inapungua na bei inapanda. Mama mwenye kujua anaweka kando vikombe viwili vitatu wakati wa giza, anakausha vizuri, anatwanga unga laini na kuufunika. Kijiko kimoja katika uji kila siku, na siku za mbalamwezi mtoto hazisikii.

Uji wenyewe una kanuni. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, hata kama jua ni kali. Kuanzia miezi 6 unaongeza chakula, na ziwa linaendelea hadi miaka 2 na zaidi. Wengi wanajua masoso: mahindi, soja na sorgo. Soja ni lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusaga. Mbichi inazuia mwili kutumia protini. Mwenye kukosa soja atie karanga zilizosagwa, lakini zile zenye ukungu azitupe, zina sumu. Malizia na kijiko cha mawese mekundu kwa vitamini A ya macho. Mawese yaliyounguzwa mpaka yakawa meupe yamepoteza vitamini hiyo. Uji ukimwagika kama maji kutoka kwenye kijiko, ni maji umempa. Ushikamane.

Miezi 6 hadi 8 inatosha mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Mtoto awe na sahani yake. Akila sinia moja na kaka zake hakuna anayejua amekula kiasi gani. Sombe, lengalenga, papai na embe vinaingia pia, vimepondwa. Na yai: ile habari kwamba linamfanya mtoto mwizi, tuiache.

Kuhara na malaria vinaharibu kazi yote hii. Maji ya ziwa yachemshwe, na mtoto akipona apewe mlo mmoja wa ziada kwa juma mbili.

Kwa kupima, RECO wa kijiji ana utepe wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11,5 ni nyekundu, mtoto yuko hatarini. Toka 11,5 hadi 12,5 ni manjano. Kupita hapo ni kijani. Mama yeyote anaweza kufundishwa kuutumia nyumbani. Mtoto wa nyekundu mwenye hamu ya kula anatibiwa kwa plampi huku analala kwao. Asiyekula, au mwenye homa kali, analazwa. Pakiti moja ya plampi ina kalori 500, na ni dawa ya yule mtoto mmoja. Ikigawanywa kwa ndugu zake au kuuzwa sokoni, hatapona. Na tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, pakiti hizo si za kutegemea kila juma, kwa hiyo kabla ya kutembea mbali uliza kwanza RECO kama stoki iko.