Mlango Mwembamba wa Kidato cha Kwanza

Wengi hudhani kwamba shule binafsi zilishamiri Tanzania baada ya siasa ya Ujamaa kulegezwa. Ukweli ni kwamba sekondari nyingi za binafsi zilijengwa Ujamaa ukiwa bado ndiyo dira ya taifa. Ili kuelewa ilikuwaje, tuanzie kwenye uhuru.

Mwaka 1961 shule zilikuwa zimetengwa kwa rangi, na nyingi za Waafrika ziliendeshwa na misheni. Misheni zilikuwa zimeota mizizi hasa Kilimanjaro na Bukoba, kwa hiyo watoto wa huko walitangulia kusoma. Baada ya uhuru utengano wa rangi ulifutwa, kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali, ila seminari zikaachiwa makanisa. Nia ilikuwa mtoto asikose shule kwa sababu ya dini yake au mahali alipozaliwa.

Mwaka 1974 chama tawala, TANU, kiliamua mjini Musoma kwamba kufikia 1977 kila mtoto awe anapata elimu ya msingi. Madarasa ya msingi yalifurika, lakini sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo. Fedha zilikuwa chache, na wapangaji walipima nafasi za sekondari kwa mahitaji ya wataalamu nchini, si kwa idadi ya watoto waliotaka kusoma. Nafasi hizo chache ziligawanywa kimkoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, walioingia sekondari za serikali hawakufika kumi. Mtoto aliweza kufaulu asichaguliwe. Na majina yalipobandikwa, kuna vijiji ambavyo havikupata hata mmoja.

Wazazi hawakukaa kimya. Kilimanjaro na Kagera, ulipo mji wa Bukoba, walichangishana kujenga sekondari kupitia makanisa, vyama vya ushirika na jumuiya ya wazazi ya chama tawala, iliyoanza kwa jina la TAPA. Aliyekosa fedha alibeba mawe au alifyatua matofali. Serikali, ambayo isingeweza kuzijenga shule hizo yenyewe, ilizisajili.

Kwa nini huko zaidi? Wapo wanaosema ni fedha za kahawa. Wengine wanasema ni mgao wa kimkoa, uliowabana waliotangulia. Mimi naupa uzito mgao na uhaba wa nafasi. Kahawa ilikuwapo tangu enzi za ukoloni, lakini wimbi la sekondari binafsi lilikuja mlango wa serikali ulipokuwa mwembamba. Kahawa ilitoa uwezo tu.

Kufikia 1990 sekondari binafsi zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi, ingawa si kwa sifa: nyingi zilikuwa kimbilio la waliokosa kuchaguliwa. Sifa ya shule binafsi iligeuka miaka ya 1990, zilipoongezeka shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Kabla ya hapo wenye uwezo waliwapeleka watoto Kenya na Uganda. Kuanzia 2004 shule za kata zilitanua nafasi za sekondari, lakini walimu hawakutosha, na watani wakazibandika shule za serikali jina la kejeli, “St. Kayumba”.

Ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022. Leo wanafunzi wengi wa sekondari wamo katika shule za serikali, na kuchagua shule kumebaki kwa mzazi anayemudu ada.