Majina ya Klabu kama Ushahidi wa Kihistoria: Msimu wa Kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika (2021) na Nafasi ya Kinondoni na Temeke

1.0 Utangulizi

Kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021, klabu 12 kutoka nchi 12 za Afrika zilikutana katika ukumbi mmoja jijini Kigali na kucheza michezo 26. Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, inayofahamika zaidi kwa kifupisho cha BAL. Mashindano hayo yalianzishwa kwa ubia wa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) na ligi ya kulipwa ya Marekani (NBA). Tanzania haikuwa na klabu katika msimu huo, wala haikupata nafasi katika misimu minne iliyofuata.

Kutokuwepo huko kunahitaji maelezo ya kihistoria, kwa sababu Dar es Salaam haikuwa mji usioujua mchezo. Mkoa huo ulikuwa na ligi ya wanaume na ya wanawake. Mwaka 2009 kijana wake mmoja, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Aidha, Oktoba 2019 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa kundi moja la mchujo wa msimu wenyewe wa kwanza, na ni katika mchujo huo ambapo Patriots ya Rwanda ilianza safari yake ya kufuzu. Mlango wa kuingilia ulikuwa Dar es Salaam, lakini waliopita walikuwa wageni.

Insha hii inatumia majina ya klabu kama ushahidi. Hoja kuu ni kwamba msimu wa mashindano ya klabu ni taasisi kabla ya kuwa michezo, na kwamba jina la klabu mara nyingi hudokeza ni nani anayebeba gharama za taasisi hiyo. Kwa kulinganisha majina ya klabu za Ulaya, za Kigali 2021 na za Dar es Salaam, inadaiwa kwamba Kinondoni na Temeke hazikukosa wachezaji. Kilichokosekana ni taasisi yenye umri mrefu na wanachama wengi, ambayo ingeubeba mpira wa kikapu pamoja na michezo mingine.

2.0 Msimu kama taasisi: funzo la Ulaya

Kombe la klabu bingwa za Ulaya katika mpira wa kikapu lilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Bingwa alikuwa Rīgas ASK kutoka Latvia, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, chini ya kocha Alexander Gomelsky. Klabu hiyo ilitwaa kombe tena mwaka 1959 na 1960. Herufi ASK zilimaanisha klabu ya michezo ya jeshi. Iliyofungwa katika fainali ya kwanza ilikuwa Academic ya Sofia, Bulgaria, klabu iliyobeba jina la wanafunzi wa vyuo. Kwa hiyo fainali ya kwanza ya Ulaya iliwakutanisha askari na wanachuo. Jeshi na chuo zilikuwa taasisi zenye uwezo wa kumlisha mchezaji, kumpa malazi na kumlipia nauli pasipo kutegemea kiingilio cha mlangoni.

Miongo minne baadaye hali ilikuwa tofauti. Katika msimu wa 2000–01 klabu kubwa za Ulaya zilitengana na FIBA kuhusu mapato na uendeshaji, na bara likawa na mashindano makuu mawili kwa wakati mmoja. Katika ligi mpya iliyoendeshwa na klabu zenyewe, Kinder Bologna ya Italia iliishinda TAU Cerámica ya Hispania kwa michezo mitatu dhidi ya miwili. Katika mashindano ya FIBA, Maccabi Tel Aviv iliifunga Panathinaikos ya Ugiriki 81–67 katika fainali iliyochezwa Paris. Mwaka mmoja ulipata mabingwa wawili. Kinder ni jina la biashara ya peremende, na TAU Cerámica ni la kiwanda cha vigae. Mahali pa jeshi na chuo palikuwa pamechukuliwa na mdhamini wa kibiashara.

Hata hivyo, kulikuwa na aina ya tatu iliyodumu katika nyakati zote mbili. Hizi ni klabu za wanachama zenye michezo mingi chini ya jina moja, kama vile Real Madrid, Barcelona na Panathinaikos. Katika klabu hizo mpira wa kikapu ulikaa chini ya paa la mpira wa miguu, ukitumia jina, mashabiki na uzoefu wa utawala ambao tayari ulikuwepo. Aina hii ya tatu ina umuhimu wa pekee katika kuelewa yaliyotokea Kigali.

3.0 Msimu wa Kigali, 2021

Kuanzishwa kwa BAL kulitangazwa tarehe 16 Februari 2019. Mpango wa awali ulikuwa kuanza Dakar Machi 2020, kuzunguka katika miji kadhaa na kumalizia Kigali. Janga la UVIKO-19 liliahirisha msimu huo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hatimaye michezo yote ikachezwa mahali pamoja. Mabadiliko hayo yaliongeza uzito wa sharti moja, yaani ukumbi. Kigali ilikuwa na ukumbi wa watazamaji wapatao 10,000 uliozinduliwa mwaka 2019. Nchi iliyokuwa na jengo la namna hiyo iliweza kubeba msimu mzima peke yake.

Klabu 12 ziligawanywa katika makundi matatu ya klabu nne nne, na nane kati yake zikaingia robo fainali. Nchi sita, yaani Misri, Angola, Moroko, Nigeria, Senegali na Tunisia, zilipewa nafasi za moja kwa moja kwa mabingwa wake. Nchi nyingine ziligombea nafasi sita zilizobaki kwa mchujo. Kanuni zilitaka wachezaji wengi wa kila klabu wawe raia wa nchi yake. Wageni hawakupaswa kuzidi wanne, na kati yao wasiotoka Afrika hawakupaswa kuzidi wawili.

Majina ya klabu hizo yanastahili kusomwa kwa makini. AS Police ya Mali ni ya polisi, na AS Douanes ya Senegali ni ya idara ya forodha. FAP ya Kamerun ni ya majeshi na polisi, ilhali GNBC ya Madagaska ni ya askari wa jandameria. Ferroviário de Maputo ina jina la wafanyakazi wa reli. Petro de Luanda ya Angola na GS Pétroliers ya Aljeria zote zimetokana na mashirika ya mafuta. Hizo ni klabu saba kati ya 12 zenye majina ya vyombo au mashirika ya dola. Tano zilizosalia ni Patriots ya Rwanda, yenye jina la uzalendo. Rivers Hoopers ya Nigeria, yenye jina la jimbo. AS Salé ya Moroko na US Monastir ya Tunisia, zenye majina ya miji. Na Zamalek ya Misri, yenye jina la mtaa wa Kairo.

Mgawanyo huu unashabihiana zaidi na Ulaya ya 1958 kuliko Ulaya ya 2001. Ligi iliyotangazwa kama biashara ya karne ya 21 ilijengwa juu ya klabu ambazo wengi wa wafadhili wake walikuwa taasisi za umma. Mwezi huohuo wa Mei 2021, NBA ilitangaza kampuni yake ya Afrika iliyokadiriwa thamani inayokaribia dola za Marekani bilioni moja. Kwa hiyo mtaji wa juu ulikuwa wa kibiashara, lakini mishahara ya wachezaji wengi ilitegemea forodha, reli, polisi na mafuta.

Matokeo ya uwanjani yanaongeza jambo lingine. Kati ya klabu saba za vyombo na mashirika ya dola, ni Petro de Luanda pekee iliyofika nusu fainali. Fainali ilikuwa kati ya klabu ya mtaa na klabu ya mji, na Zamalek iliifunga Monastir 76–63. Zamalek ilianzishwa mwaka 1911 na Monastir mwaka 1923, na zote mbili ni klabu za michezo mingi. Msimu mmoja hautoshi kuweka kanuni. Pamoja na hayo, mwelekeo unaonekana: jina la dola lilitosha kuifikisha klabu mlangoni, lakini waliofika mwisho walitoka katika klabu pana za wanachama.

4.0 Kinondoni na Temeke

Dar es Salaam nayo ina majina yanayosomeka kwa njia hiyohiyo. JKT, ABC na Mgulani yanahusiana na jeshi, na Tanzania Prisons na magereza. UDSM Outsiders inabeba jina la chuo kikuu, na Savio lile la kituo cha Wasalesiani wa Don Bosco. Kurasini Heat imejiita kwa kata iliyo kando ya bandari, wilayani Temeke. Pazi ni jina ambalo katika historia ya Uzaramo lilikuwa cheo cha watawala. Jeshi na chuo, pande mbili za fainali ya Ulaya ya 1958, zote zilikuwepo. Kwa kigezo cha aina ya wafadhili peke yake, Dar es Salaam haikuwa nyuma ya Bamako wala Antananarivo.

Tofauti ya kwanza ilikuwa ukumbi. Uwanja wa Ndani wa Taifa uko Temeke, katika eneo moja na Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Uwanja huo hutumika pia kwa ngumi na shughuli nyingine nyingi, na ndio uliobeba dhima ya michezo ya ndani kwa jiji zima. Sehemu kubwa ya mchezo wa kila siku ilibaki katika viwanja vya wazi vya shule, vya vituo vya vijana na vya bustani ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Kidongo Chekundu. Kiwanja cha wazi ni shule nzuri ya mchezo, lakini hakiwezi kushika ratiba. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, miezi ileile ambayo BAL ilijipangia. Sakafu ikilowa mchezo huahirishwa, na ratiba ya televisheni haiahirishwi.

Tofauti ya pili inaonekana katika maisha ya Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuanza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Alisoma Shule ya Sekondari Makongo, Kinondoni, shule inayomilikiwa na jeshi. Kisha alihamia Houston, na kuanzia 2006 hadi 2009 akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho mwaka 2009 kilifika nusu fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Baadaye alizichezea Houston Rockets, Portland Trail Blazers na Oklahoma City Thunder, kisha akacheza Japani na Taiwani.

Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mmoja na matarajio yaliyomzidi. Kwa mtazamo wa insha hii ni ushahidi kuhusu mji. Kipaji kiligunduliwa na shule, kisha kikavuka moja kwa moja hadi shule ya ng'ambo pasipo kupitia klabu ya kulipwa ya nyumbani. Hapakuwa na ngazi ya kati. Kijana wa Monastir au Luanda aliweza kukomaa katika klabu ya kwao hadi kufikia kiwango cha bara. Wa Makongo alilazimika kuondoka au kubaki mchezaji wa jioni.

5.0 Majadiliano

Swali linalojitokeza ni kwa nini mpira wa kikapu wa Dar es Salaam haukupata hifadhi katika aina ya tatu ya klabu. Jiji hilo halikukosa klabu za wanachama. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zote zina mashabiki nchi nzima. Kwa umri haziko mbali na Monastir. Lakini wakati Zamalek ilikuza timu ya kikapu chini ya jina lake, jina la Simba na la Yanga lilibaki kwa mkazi wa Temeke kuwa jina la mpira wa miguu. Hivyo klabu ya kikapu ya kata ililazimika kuanza upya kwa kila jambo: jina, mashabiki, nauli na mahali pa kufanyia mazoezi.

Inaweza kupingwa kwamba tatizo lilikuwa umaskini tu. Pingamizi hilo halitoshi. Madagaska, Mali na Msumbiji zilikuwepo Kigali, na haziwezi kuhesabiwa miongoni mwa nchi tajiri. Inaweza pia kudaiwa kuwa ukumbi peke yake unaeleza kila kitu. Hata hapo ushahidi unakataa, kwani ukumbi wa Temeke ulitosha kupokea mchujo wa 2019. Ukumbi uliifanya Dar es Salaam kuwa mwenyeji. Haukuweza kuifanya mshiriki.

Misimu iliyofuata inathibitisha kuwa nafasi ya Afrika Mashariki haikuwa imefungwa. Cobra Sport ya Sudan Kusini ilishiriki mwaka 2022, City Oilers ya Uganda mwaka 2023 na 2024, na Nairobi City Thunder ya Kenya mwaka 2025. Tanzania ilipofuzu hatimaye kwa msimu wa 2026, iliyofuzu ni Dar City, klabu yenye jina la jiji lenyewe, si la jeshi wala la kata.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba msimu wa kwanza wa BAL uliziingiza zaidi klabu zilizokuwa na taasisi ya kudumu nyuma yake, iwe shirika la dola au klabu pana ya wanachama. Kinondoni na Temeke zilikuwa na shule iliyomwibua mchezaji wa NBA, na Temeke ilikuwa na ukumbi uliopokea mchujo. Hazikuwa na kiungo kati ya vitu hivyo viwili. Kwa watafiti wa historia ya michezo nchini, hoja hii inaelekeza macho kutoka kwa wachezaji mashuhuri kwenda kwenye kumbukumbu za klabu: katiba zao, daftari za wanachama na ratiba zao za mazoezi. Kwa viongozi wa mchezo inaacha swali la kiutendaji. Klabu ikifuzu mwaka mmoja kwa nguvu ya kikosi kilichokusanywa kwa ajili ya mwaka huo, ni nani atakayeilipia nauli mwaka wa kumi?