Valvu Kwanza, Dawa Baadaye: Kuzuia Kiharusi kwa Wagonjwa wa Mtetemo wa Atiria Kilimanjaro

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika wilayani Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kati ya watu 2,232 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea waliochunguzwa, 15 tu walikutwa na mtetemo wa atiria, yaani ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, damu hiyo ikatuama, ikaganda, na bonge lake likasafiri hadi kwenye ubongo. Hiyo ni asilimia 0.67. Kwa wazee wa umri huo Ulaya kiwango ni kikubwa mara kadhaa.

Mpanga bajeti akiisoma takwimu hiyo anaweza kuona kwamba tatizo si letu. Atakuwa amekosea. Kipimo cha umeme wa moyo cha mara moja hakimnasi mgonjwa ambaye mtetemo humjia na kumwacha, na waliokwisha kufa kwa kiharusi hawakuwapo kuhesabiwa. Tena utafiti ule uliwatazama wazee peke yao. Katika kliniki za moyo za Afrika Mashariki hali hii huonekana pia kwa akina mama wa miaka 30 na 40, ambao valvu yao ya mitrali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi wakiwa watoto, baada ya maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa.

Mama huyu na yule mzee wa Hai wana ugonjwa wenye jina moja, lakini hawastahili dawa moja. Mjadala wetu kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda umezoea kuanzia kwenye bei, au kwenye ushindani wa dawa mpya na warfarini ya tangu miaka ya 1950. Nadai kwamba unapaswa kuanzia kwenye valvu. Kabla karatasi ya dawa haijaandikwa, mgonjwa asikilizwe moyo, na apimwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ili ijulikane kama valvu ya mitrali imekuwa nyembamba.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Utafiti wa INVICTUS, uliotolewa Agosti 2022, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye mtetemo wa atiria uliotokana na baridi yabisi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50, na karibu robo tatu walikuwa wanawake. Wengi tulitarajia rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya, ifanye vizuri sawa na warfarini, pengine zaidi. Waliokunywa rivaroksabani walikufa 552, wa warfarini na dawa za jamii yake 442, na kuvuja damu kwingi hakukutofautiana kwa kiasi cha maana. Vifo vilivyopungua vilikuwa hasa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi. Ninavyoona mimi, sehemu ya faida ilitokana na wagonjwa wa warfarini kuonwa na mhudumu mara kwa mara kwa ajili ya kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Wenye valvu za chuma nao hubaki kwenye warfarini. Jaribio la kuwapa dabigatrani, dawa mpya nyingine, lilisitishwa, na matokeo yake ya mwaka 2013 yalionyesha viharusi na kuvuja damu vikiongezeka.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Warfarini bila INR ni hatari iliyofungwa kwenye bahasha. Kwa mwenye valvu nyembamba kipimo kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3: kikishuka damu inaganda, kikipanda inavuja. Mgonjwa wa Tarakea akishuka Moshi kupima, siku ya shamba imekwisha na nauli imekwenda. Majibu yakitoka kesho yake, dozi aliyorudi nayo nyumbani ni ya kukisia. Jikoni nako kuna mnafu, wenye vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Mvua zikinyesha mnafu huliwa kila siku, kiangazi hupungua, na INR hufuata msimu. Wagonjwa wengi huambiwa waache kabisa mboga za majani. Ushauri huo si sahihi: wale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na mhudumu arekebishe dozi. Anayeanza rifampisini kwa kifua kikuu dozi yake haitatosha; anayepewa kotrimoksazoli au metronidazoli anaweza kuvuja damu ndani ya siku chache. Pombe ya mbege nayo iulizwe bila kumwaibisha mtu.

Kwa mzee asiye na valvu nyembamba hesabu inageuka. Mwaka 2011, katika utafiti wa ARISTOTLE wa wagonjwa 18,201, apiksabani, ambayo nayo ni dawa mpya, ilipunguza kiharusi kwa asilimia 21 na kuvuja damu kwingi kwa asilimia 31 ikilinganishwa na warfarini. Haihitaji INR. Inahitaji mizani, kipimo cha kreatinini na umri. Dozi ya kawaida ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Hushushwa hadi 2.5 mgonjwa akiwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, kreatinini ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Huku kwetu wazee wembamba ni wengi, na wasio na cheti cha kuzaliwa pia. Aliyekuwa ameshaoa Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961 amepita 80. Lakini aelezwe waziwazi kwamba nguvu ya vidonge hivi hupotea haraka. Akiruka siku moja, kinga imeondoka. Akianza rifampisini, hizi nazo hupungua nguvu.

Iliyobaki ni aspirini, ambayo hupewa wagonjwa wengi kwa kuwa ni rahisi na inaonekana salama. Katika utafiti wa AVERROES apiksabani ilipunguza viharusi kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na aspirini, bila ongezeko la maana la kuvuja damu. Kuiandika aspirini kwa ajili ya mtetemo wa atiria ni kumwacha mgonjwa bila kinga huku akiamini kwamba anayo.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa mpya kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa hapa nchini Tanzania mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha bima hiyo waweke apiksabani kwa wazee, na kwa wenye valvu zilizoharibika waweke mashine ndogo za INR za tone la damu ya kidole, katika hospitali za Machame, Kilema na Huruma, ili mama wa Rombo apate jibu na dozi yake kabla hajaondoka kwenye benchi.